Sura ya Sita: Bei Asiyoijua Msukaji

Kiondo kinachouzwa katika duka la mitindo la Ulaya huwa kimetundikwa kadi ndogo ya karatasi ngumu. Upande mmoja una jina la mwanamke, pengine na picha yake, jina la kijiji cha Machakos au Kitui nchini Kenya, maneno machache kuhusu katani na rangi, na ahadi kwamba aliyekisuka alilipwa kwa haki. Upande wa pili una bei. Hesabu inayounganisha pande hizo mbili haipo popote: mama huyo alilipwa shilingi ngapi, kwa saa ngapi za kazi, na tofauti kati ya malipo yake na bei ya dukani iligawanywa vipi na kwa nani. Mnunuzi anatakiwa aliamini neno haki bila kuonyeshwa hata tarakimu moja, na muuzaji anatoza zaidi kwa sababu ya neno hilohilo. Wahenga walionya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mitindo inayojinadi kwa maadili daftari lipo, ila halifunguliwi mbele ya kila mtu.

Ninachodai katika sura hii ni kwamba uwazi wa bei umeelekezwa kwa mtu asiyeuhitaji sana. Kwa miaka kumi na tano hivi kampuni kadhaa zimejifunza kumfunulia mnunuzi gharama za nguo, na zimefanya hivyo kwa ustadi. Anayeumia kwa kufichwa hesabu hiyo ni mtengenezaji, na yeye bado yuko gizani. Uwazi unaoishia kwa mnunuzi ni tangazo la biashara lililopambwa kwa tarakimu. Uwazi unaomfikia msukaji humpa nguvu ya kupatana bei, na huo ndio tunaopaswa kuudai kwanza.

Majina yamefunguliwa, ujira umefungwa

Mjadala wa sasa ulichochewa na maafa. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, lililokuwa na viwanda kadhaa vya nguo huko Savar nje ya Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu wasiopungua 1,134. Wanaharakati walilazimika kupekua vifusi wakitafuta lebo za nguo ili kuthibitisha ni kampuni zipi za Ulaya na Marekani zilikuwa zikishonewa humo. Baada ya maafa hayo Carry Somers na Orsola de Castro walianzisha nchini Uingereza vuguvugu la Fashion Revolution, wakiwa na swali jepesi: nani ametengeneza nguo zangu? Swali hilo lilifungua milango. Katika ripoti ya vuguvugu hilo ya mwaka 2023, iliyopima uwazi wa kampuni kubwa 250, asilimia 52 zilikuwa zimechapisha orodha ya viwanda vya daraja la kwanza vinavyozishonea, jambo ambalo zamani lilihesabiwa kuwa siri ya biashara. Ripoti hiyohiyo inaonyesha pia mlango uliobaki umefungwa: asilimia 99 ya kampuni hizo hazikutaja ni wafanyakazi wangapi katika mnyororo wao wanaolipwa ujira unaotosha kuishi. Leo ni rahisi zaidi kujua nguo imeshonwa wapi kuliko kujua aliyeishona amepata nini.

Sababu ya ujira kufichwa huonekana pale hesabu inapofunuliwa. Shirika la Fair Wear Foundation la Uholanzi lilichambua bei ya fulana inayouzwa yuro 29, na mchanganuo huo ukasambazwa sana na kampeni ya Clean Clothes. Yuro 17 zilikwenda kwa duka la rejareja pamoja na gharama zake, 3.61 zilikuwa faida ya kampuni yenye jina, 3.40 malighafi, 2.19 usafiri, 1.20 watu wa kati, 1.15 faida ya kiwanda, na senti 27 gharama za kuendesha kiwanda. Aliyeishona alipata senti 18, yaani asilimia 0.6 ya bei. Tarakimu hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni chungu, nalo ndilo hunukuliwa kila mahali: ujira ni chembe ndogo mno ya bei. La pili husemwa kwa nadra ingawa lina matumaini zaidi: kwa kuwa chembe hiyo ni ndogo, kuiongeza mara mbili kungepandisha bei ya fulana kwa senti 18 tu, alimradi hakuna mtu njiani anayezizidisha senti hizo. Sharti hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana, na nitalirudia baada ya kuonyesha kazi ya mkono inatofautianaje na ya kiwandani.

Kazi isiyo na saa ukutani

Kiwanda, hata kiwe kibaya namna gani, kina saa ukutani, orodha ya wafanyakazi, na kima cha chini cha mshahara ambacho mkaguzi anaweza kukitumia kama kipimo. Msukaji wa kiondo hana hata kimoja kati ya hivyo. Kazi yake huanza na majani ya mkonge, yanayokwanguliwa hadi nyuzi zibaki, kisha nyuzi zikaoshwa na kuanikwa. Nyuzi hizo husokotwa kwa kiganja juu ya paja lililo wazi, kazi inayochubua ngozi, mpaka ipatikane kamba nyembamba yenye unene uleule mwanzo hadi mwisho. Kamba hutiwa rangi katika maji yanayochemka. Ndipo ususi huanzia kwenye kitako, kamba za kusimama zikitandazwa kutoka katikati kuelekea pande zote, na kamba za kuzunguka zikipita ndani na nje huku mkono ukikaza kila mzunguko. Mwili ukiisha, kiondo cha kuuzwa nje husafiri hadi kwa fundi wa ngozi, mara nyingi Nairobi, anayeweka mkanda, ukingo na kifungo. Wanawake wa Ukambani husuka wakitembea kwenda sokoni, wakisubiri zamu ya maji, wakiwa wameketi kwenye mkutano wa chama. Saa za kiondo kimoja hutawanyika katika siku nyingi na kuchanganyika na kazi nyingine, hivyo dalali anapofika na bei ya kipande mdomoni, hakuna wa kumwuliza kipande hicho kimekula saa ngapi.

Kwa hiyo kazi ya mkono inahitaji hesabu ya wazi kuliko kazi ya kiwandani. Badala yake tunapewa wasifu. Picha ya mama anayetabasamu humfanya mnunuzi ahisi kwamba amemfahamu, na mtu tunayedhani tunamfahamu hatumdai risiti. Angalia nani ameanikwa hapo: sura ya msukaji ipo, jina lake lipo, idadi ya watoto wake ipo, hata ujane wake umetajwa. Muuzaji hajatoa hata kiwango cha faida yake. Ni uwazi wa maisha ya maskini na usiri wa hesabu za mwenye duka, na hiyo ni kinyume cha heshima ambayo kadi ile inadai kumpa msukaji.

Wapo waliojaribu kwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 mbunifu wa Ubelgiji Bruno Pieters alizindua Honest By, kampuni iliyochapisha kwa kila vazi gharama ya kitambaa, vifungo, uzi na kazi, pamoja na nyongeza ya bei iliyojiwekea yenyewe. Everlane, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2010, ilijipatia jina kwa kuweka karibu na nguo zake mchanganuo wa malighafi, kazi, usafiri na ushuru, na kulinganisha bei yake na ile ambayo maduka ya kawaida yangetoza. Watafiti Bhavya Mohan, Ryan Buell na Leslie John walichunguza kama mtindo huo unalipa. Katika duka moja la mtandaoni walikuta kwamba pochi zilizowekewa mchoro wa gharama ziliuzwa kwa takriban asilimia 44 zaidi kwa siku. Matokeo hayo yanamtuliza anayeogopa kufungua daftari, lakini yanaonyesha pia faida inaangukia upande gani. Mchanganuo ulijenga imani ya mnunuzi, imani ikaongeza mauzo, mauzo yakaongeza pato la muuzaji. Hakuna hatua katika mfuatano huo inayomlazimu mtu kumlipa mtengenezaji senti moja zaidi. Tena mstari wa kazi katika michanganuo ya namna hiyo huwa ni jumla tupu. Hauonyeshi saa wala malipo ya saa moja, na msomaji hawezi kujua kama dola tano za kazi ni malipo mazuri au ni dhuluma.

Shilingi 400 zinavyogeuka 1,600

Tukipigie hesabu kiondo kimoja. Tarakimu hizi ni za mfano, zimechaguliwa ili zikokotoleke kwa urahisi, ila mwendo wake ndio mwendo wa biashara yenyewe. Tuseme msukaji analipwa shilingi 800 za Kenya, katani na rangi ni 200, fundi wa ngozi pamoja na ngozi na kifungo ni 500, na ofisi ya kikundi inachukua 200. Hadi hapo ni 1,700. Nauli ya mzigo, bima na ushuru ni 600, kwa hiyo kiondo kinamfikia mwagizaji kwa 2,300. Mwagizaji anazidisha mara mbili na kukiuza kwa jumla kwa 4,600. Duka nalo, kwa desturi iliyozoeleka katika biashara ya mitindo, linazidisha mara mbili, na bei ya kwenye kadi inalingana na shilingi 9,200. Kama kusokota na kusuka kulichukua saa 20, msukaji amepata shilingi 40 kwa saa.

Kuzidisha mara mbili si lazima kuwe wizi. Duka linalipa pango la mjini, mishahara ya wauzaji, bidhaa zilizokosa mnunuzi na zilizorudishwa, na kodi. Nchini Uingereza, ambako kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ni asilimia 20, sehemu moja kati ya sita ya bei anayolipa mnunuzi huenda serikalini kabla mwenye duka hajagusa chochote. Mwenye duka ana haki ya kuyasema hayo, na hesabu ya wazi ingempa nafasi ya kuyasema. Tatizo linaanza pale ujira unapotaka kupanda. Tuseme kikundi kimekubaliana msukaji apate 1,200 badala ya 800. Kiondo sasa kinamfikia mwagizaji kwa 2,700, kinauzwa jumla kwa 5,400, na bei ya dukani inakuwa 10,800. Msukaji ameongezewa shilingi 400, mnunuzi ameongezewa 1,600, na zile 1,200 za katikati zimegawanywa kati ya watu ambao kazi yao haikuongezeka hata kidogo: pango ni lilelile, nauli ni ileile, rafu ni ileile. Kama kila mmoja njiani angezipitisha zile 400 bila kuzizidisha, bei ya dukani ingekuwa 9,600, nyongeza ya asilimia 4.3 tu. Hilo ndilo sharti nililolitaja kwenye fulana ya yuro 29. Wauzaji husema mnunuzi hawezi kubeba ujira wa haki, ilhali anachoshindwa kubeba ni ujira uliozidishwa mara nne. Ukweli huo hauonekani mpaka hatua zote za bei zilazwe mezani kwa pamoja.

Mfano huo unaonyesha vilevile kwa nini asilimia peke yake ni kipimo kibovu. Shilingi 800 za msukaji ni asilimia 47 ya bei ya kikundi, asilimia 35 ya bei aliyofikiwa nayo mwagizaji, na asilimia 8.7 ya bei ya dukani. Kampuni inaweza kuandika yoyote kati ya hizo bila kusema uongo, na msomaji asiyejua ni asilimia ya bei gani ataondoka akidhani karibu nusu ya fedha zake zimerudi kijijini. Hata asilimia kubwa iliyo ya kweli haitoshi, kwa sababu nusu ya bei ndogo inaweza kuwa njaa, na asilimia kumi ya bei kubwa ikalipa ada ya shule. Swali la haki hujibiwa kwa shilingi na saa: amepata kiasi gani kwa saa moja, na kiasi hicho kinanunua nini pale anapoishi.

Habari inapomfikia mtengenezaji

Tuangalie sasa kinachotokea habari ya bei inapoelekezwa kwa anayezalisha. Utafiti unaojulikana zaidi ni wa mchumi Robert Jensen, uliochapishwa mwaka 2007, kuhusu wavuvi wa Kerala, kusini mwa India. Kati ya 1997 na 2001 mtandao wa simu za mkononi ulienea katika pwani hiyo. Kabla yake mvuvi alipeleka samaki kwenye soko la kwao bila kujua hali ya masoko ya jirani, na kuna siku samaki walitupwa soko moja huku soko la pili wakiadimika. Simu zilipofika, wavuvi walipiga wakiwa bado baharini na kuelekeza chombo palipo na bei. Faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 8, na mlaji naye akalipa pungufu kwa asilimia 4. Lakini utafiti huo usisomwe peke yake. Huko Maharashtra, Marcel Fafchamps na Bart Minten walifuatilia wakulima waliopewa huduma ya kutumiwa bei za masoko kwa ujumbe wa simu, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 hawakuona tofauti ya maana katika bei ambayo wakulima hao walipata.

Matokeo hayo mawili hayagongani tukiangalia kila mzalishaji ana njia gani. Mvuvi ana chombo baharini na masoko kadhaa ufukweni. Akijua bei, anageuza usukani. Mkulima mwenye mnunuzi mmoja tu anaweza kujua bei ya mjini na bado akauza palepale. Msukaji yuko karibu zaidi na huyu wa pili, na mara nyingi hali yake ni ngumu zaidi, kwa sababu dalali anayenunua ndiye aliyemkopesha fedha za katani, na mwenye deni hapandishi sauti. Hivyo tarakimu pekee haimkomboi msukaji. Inahitaji kushikwa na mtu mwenye uwezo wa kukataa. Uwezo huo hutoka kwa kikundi kinachouza kwa pamoja, na kwa fedha za kuanzia ambazo hazimfungi mtu kwa dalali. Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, linalitambua jambo hili katika kanuni zake: mnunuzi wa kazi za mikono anatakiwa, akiombwa, kutoa arbuni isiyo na riba ya angalau asilimia 50 ya oda. Kikundi chenye arbuni mkononi na hesabu ya kiondo mezani kinaweza kujibu bei mbaya kwa neno hapana, na ni hapo tu habari inapogeuka kuwa fedha.

Afrika Mashariki ina mazoea ya uwazi wa aina hii katika mazao ya biashara. Nchini Tanzania, mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika katika korosho za Mtwara mwaka 2007 uliweka bei ya mnada hadharani, na pamoja nayo makato yanayomtenga mkulima na bei hiyo. Nchini Kenya, mkulima mdogo wa chai aliye chini ya shirika la KTDA hulipwa malipo ya mwezi kwa kila kilo ya majani mabichi, kisha bonasi ya mwaka ambayo kila kiwanda hutangaza kiwango chake. Mifumo yote miwili imejaa malalamiko. Wakulima wa korosho hulalamikia makato, na wakulima wa chai wa magharibi mwa Bonde la Ufa huuliza kwa nini bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Wapo wanaoyaona malalamiko hayo kuwa ushahidi kwamba uwazi huleta fujo. Mimi nayaona kuwa ndiyo kazi yake. Mkulima anayesema kato hili halieleweki ana jambo la kupeleka kwenye mkutano mkuu wa ushirika, kwa waandishi wa habari au bungeni. Msukaji asiyejua bei ya dukani hana pa kuanzia, na ukimya wake huchukuliwa kuwa ridhaa.

Pingamizi nne

Pingamizi la kwanza linatoka sokoni kwetu. Husemwa kwamba bei kwetu ni maelewano. Anayepita Masai Market ya Nairobi anajua kwamba bei ya kwanza ni ya kufungulia mazungumzo tu, na kwamba kuandika hesabu kwenye kadi ni desturi ya kigeni. Lakini kupatana bei ni sanaa ya watu wawili wanaojua kitu wanachokipatania. Muuzaji wa sokoni anajua amenunua kwa ngapi na jirani yake anauza kwa ngapi. Mnunuzi naye ameshapita meza tatu. Kati ya msukaji na wakala wa ng'ambo hakuna usawa huo. Wakala anajua bei ya pande zote mbili, na msukaji anajua ya upande mmoja tu. Hesabu ya wazi haiui maelewano hapo, maana maelewano yenyewe yalikuwa bado hayajaanza.

Pingamizi la pili ni la siri ya biashara: ukifungua gharama, mshindani atakuiga na mnunuzi mkubwa atakubana. Sehemu ya pili ya hofu hiyo ni ya kweli. Katika biashara ya nguo wanunuzi wakubwa wamezoea kukitaka kiwanda kiweke wazi kila gharama, kuanzia mita ya kitambaa hadi dakika za kushona na faida, kisha kuzipunguza moja baada ya nyingine. Mnunuzi huyohuyo haonyeshi nyongeza yake ya dukani. Tabia hiyo inathibitisha hoja ya sura hii, kwa kuwa uwazi unaokwenda juu tu, kutoka kwa mnyonge kwenda kwa mwenye nguvu, ni chombo cha kukamua. Dawa yake ni kuufanya uende pande zote mbili na kuutenga ujira usiingie kwenye mjadala wa punguzo. Mpango wa ACT, unaokutanisha kampuni za nguo na shirikisho la vyama vya wafanyakazi la IndustriALL, unataka gharama ya ujira iandikwe peke yake ndani ya bei ya ununuzi. Kikundi cha wasukaji kinaweza kufanya vivyo hivyo: punguzo litafutwe kwenye ngozi, kwenye nauli au kwenye idadi ya oda, na mstari wa msukaji usiguswe. Ama kuhusu mshindani, kinachochapishwa ni saa na malipo. Jina la muuza ngozi na ufundi wa rangi vinaweza kubaki siri.

Pingamizi la tatu ndilo gumu zaidi. Saa za msukaji hazipimiki, husemwa, kwa kuwa anasuka huku akifanya mengine, na kila mkono una kasi yake. Ni kweli, na ndiyo sababu malipo kwa kipande yanapendwa na walipaji. Kipande hakiulizi saa. Mwaka 2021 jimbo la California lilipitisha sheria inayokataza malipo ya namna hiyo katika viwanda vyake vya nguo, isipokuwa pale penye mkataba wa chama cha wafanyakazi, kwa kuwa washonaji waliolipwa kwa kipande walikuwa wakipata chini ya kima cha chini. Hatuwezi kumwekea msukaji wa Kitui saa ya kiwandani, wala yeye hangetaka, kwani uhuru wa kupanga siku yake ni sehemu ya thamani ya kazi hii. Kinachowezekana ni kupima kwa sampuli: wanawake kadhaa wa kikundi, wenye kasi na wa kawaida, wasuke aina moja ya kiondo huku muda ukiandikwa, kuanzia kusokota. Wastani wa mkono wa kawaida unakuwa msingi wa bei ya kipande cha aina hiyo, na hurudiwa mtindo unapobadilika. Kipimo hicho kitakuwa na kosa la saa moja au mbili. Bei inayopangwa bila kipimo chochote ina kosa kubwa zaidi, na kosa hilo huegemea upande mmoja siku zote.

Pingamizi la nne ni la gharama. Vikundi vidogo, husemwa, havina wahasibu, na kuvidai ripoti ni kuvifukuza sokoni na kuwaachia nafasi wakubwa. Hofu hii ingekuwa na nguvu kama mzigo wa kuripoti ungewekwa kwa kikundi. Lakini anayejua bei ya jumla, VAT na bei ya dukani ni mwagizaji na duka, na ndio wenye kompyuta na wahasibu. Kazi ya kikundi ni kujua saa zake na gharama zake za kienyeji, na vyama vya akina mama vinavyoendesha michango ya kila wiki vimeshaonyesha kwamba daftari si kitu kigeni kwao. Hata njia ya kufikisha habari ipo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, malipo yanaweza kumfikia msukaji moja kwa moja kwenye simu. Ujumbe wa pili unaotaja bei ambayo kiondo chake kitauzwa dukani ungekuwa karibu bure.

Kinachopaswa kuandikwa

Hoja hizi zikikubaliwa, kadi ya kiondo inabadilika. Inataja malipo ya msukaji kwa fedha kamili, saa ambazo malipo hayo yanafidia, bei ya kikundi, bei ya jumla na bei ya dukani. Ni tarakimu tano, zinazotosha kumwonyesha yeyote nani amezidisha nini. Lakini sharti lenye uzito kuliko idadi ya tarakimu ni mpangilio wa kuzitoa. Zimfikie kwanza msukaji, kwa Kikamba, Kikuyu au Kiswahili, wakati oda bado inajadiliwa na bei bado inaweza kukataliwa, ndipo zichapwe kwa ajili ya mnunuzi. Zikitangulia kwa mnunuzi, msukaji anakuwa mtu wa mwisho kusikia thamani ya kazi yake mwenyewe, na hesabu nzima inarudi kuwa pambo.

Mpangilio huo unampa mnunuzi swali jepesi la kuliuliza duka lolote linalodai kuuza kwa maadili: je, aliyetengeneza kitu hiki anajua mnakiuza kwa bei gani, na aliijua kabla hajakubali malipo yake? Jibu la ndiyo linaweza kuthibitishwa kwa karatasi moja yenye sahihi ya kikundi. Duka lisiloweza kuitoa halijavunja sheria, na linaweza kuendelea kuuza viondo vizuri kwa bei inayolipendeza. Liache tu kutoza ziada kwa jina la haki.